Vijana wachangamkie fursa. Na sisi tuliokwisha kuzichangamkia?

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu enzi zile Dodoma ikilala usingizi kila Bunge linapoahirishwa, na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Lakini ile habari yenu ya wiki iliyopita, yenye picha ya kijana aliyekaa na kompyuta mpakato chini ya mti, imenishinda. Mgeni rasmi aliwahimiza vijana wa mkoa wetu "wachangamkie fursa" za kufanya kazi za nje ya nchi wakiwa nyumbani kwao. Makofi yakapigwa, mwandishi wenu akaandika, akaondoka. Hakuna aliyemuuliza mgeni rasmi vijana hao watatumia intaneti ipi, na kijana wa kwenye picha, kwa niliyoyaona, kompyuta yake ilikuwa imezimwa.

Mimi fursa hiyo nimeshaichangamkia kwa miaka kadhaa sasa. Ni mhasibu, naishi Nzuguni, na ninaandika hesabu za kampuni ndogo ya Uingereza nikiwa mezani kwangu sebuleni. Wenzangu wako Nairobi, Lusaka na Leeds, kila mtu nyumbani kwake, na hatujawahi kupeana mikono. Vitabu vyote vya hesabu viko mtandaoni. Ukitaka kuingia unatumiwa namba ya siri kwenye simu, na namba hiyo ina dakika zake. Mtandao ukiganda hapo katikati, unaanza upya. Kazi yenyewe si ngumu. Kufika kazini ndiko kugumu, na hapo sijatoka hata nje ya mlango.

Nikueleze ya Februari. Ilikuwa siku ya kufunga hesabu za Januari, kikao kimepangwa saa tatu asubuhi ya kwao, yaani saa sita mchana ya kwetu. Kwenye saa nne hivi modemu ikawasha ile taa nyekundu iliyoandikwa LOS. Mwenye faiba nyumbani, ule waya unaoleta intaneti kwa mwanga, anaijua taa hiyo: mwanga haufiki kabisa, uzime uwashe mpaka kesho. Nikapiga huduma kwa wateja. Baada ya muziki mrefu na matangazo ya ofa nisiyoihitaji, binti akaniambia, "Mama, naomba uzime modemu kisha uiwashe." Nikamwambia taa ni nyekundu. Akasema nizime niwashe. Nikazima, nikawasha. Akanipa namba ya tiketi, akasema fundi yuko njiani, akanitakia siku njema. Nikatoka mwenyewe kuangalia, wala sikwenda mbali. Pale kwenye kona, mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, kijiko kilikuwa kinachimba mtaro na waya wetu mweusi unaning'inia kwenye meno yake. Dereva, kijana mwenye adabu kabisa, akanipa shikamoo, akasema yeye ameambiwa achimbe kuanzia hapa mpaka pale. Chini kuna nini hakuambiwa. Nikarudi ndani, nikawasha hotspoti ya simu. Bando nililonunua likamezwa na kompyuta yenyewe, ambayo iliona hiyo ndiyo saa nzuri ya kujisasisha. Nikanunua jingine. Kikao kikaanza, nikaganda mdomo wazi mbele ya watu wa nchi tatu. Mwenzangu wa Nairobi akaniandikia WhatsApp: "Dada, zima video, tunakupata nusunusu." Nikazima video, wakawa hawanipati kabisa. Hesabu akazifunga mtu wa Lusaka na malipo ya kazi hiyo yakaenda kwake, kwa haki yake. Fundi alifika kesho yake jioni, mikono mitupu. Faiba haiungwi kwa koleo na utepe. Ncha zake huyeyushwa na kushikanishwa kwa mashine maalumu, na mashine, akaniambia bila aibu, iko Singida. Singida, Mhariri! Bili ya mwezi huo ilikuja kamili. Nilipouliza kuhusu siku zile za taa nyekundu, nikajibiwa kwamba mfumo hauruhusu kupunguza.

Na kwenye mitaro sijamaliza. Huku kwetu watu wa maji wanachimba, wanafukia. Haupiti muda wanakuja watu wa faiba, wanachimba palepale. Halafu inawekwa lami, watu wanapiga vigelegele, na kabla haijazoeleka watu wa maji wanarudi kuikata lami. Ukiuliza nani ana ramani ya vitu vilivyofukiwa, kila ofisi inakuelekeza ofisi nyingine. Sikatai kwamba tumeendelea. Tumekuwa jiji tangu Aprili 2018, Mji wa Serikali pale Mtumba unapendeza, barabara ya mzunguko ina kilomita zaidi ya 100, na tangu 2024 treni ya umeme inatuleta kutoka Dar es Salaam hata chai haijapoa vizuri. Ila mtaro ule uliokula faiba yangu ulibaki wazi mpaka mvua ikaujaza, bajaji ikatumbukiza gurudumu la mbele, na abiria aliyekuwa na tenga la kuku akamaliza asubuhi yake akiwakimbiza kuku wake uani kwa watu. Wawili hawakuonekana tena. Nani atamlipa yule mama? Alipewa namba ya tiketi?

Watasema nafananisha Dodoma na Ulaya. Haya, nafananisha, kwa sababu ndiko ninakopeleka kazi yangu na washindani wangu wanaishi huko. Mwenzangu wa Leeds aliwahi kukatikiwa laini, na baadaye akakuta kwenye bili yake amerudishiwa pesa ambayo hakuiomba. Nilidhani ananitania. Kumbe huko tangu Aprili 2019 kampuni zilizojiunga na utaratibu huo zinalipa fidia zenyewe, mteja akisharipoti hitilafu na bila kudai chochote, kama laini haijatengenezwa baada ya siku mbili kamili za kazi. Na tangu Machi 2020 mwananchi wa Uingereza ana haki kisheria ya kudai intaneti isiyopungua megabiti 10 kwa sekunde. Finland haki ya namna hiyo ilianza kutumika kisheria mwaka 2010, wakaanzia megabiti moja. Moja tu. Mimi mtu akinipa megabiti moja ambayo haikatiki, nitafunga nayo hesabu za kampuni tatu. Mwenzangu wa Lusaka yeye ana dishi la intaneti ya setilaiti zile zinazozunguka chini, kilomita kama 550 juu yetu badala ya zile za zamani zilizo kilomita 36,000, kwa hiyo sauti yake inafika papo hapo. Habari ya dishi hapa kwetu siigusi, maana ukiligusa watu huacha hoja yako wakaanza siasa.

Wala mimi si mtu wa kulalamikia kila kitu. Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, nchi kadhaa za ukanda huu zikayumba, nikavumilia. Bahari ni bahari. Meli ya kutengeneza lazima isafiri. Nairobi waliumia pia, tukafarijiana. Siku zile za mwisho wa Oktoba 2025 sitazisema hapa. Wewe Mhariri unazijua, nami najua utazikata. Lakini hii ya Februari haikuwa bahari wala dhoruba. Mkongo wa Taifa, ule waya mkuu wa mawasiliano wa nchi, umeshapita hapa Dodoma, na tatizo ni hizi hatua za mwisho kutoka nguzoni mpaka mezani kwangu, zilizoachiwa kijiko, binti wa simu, na fundi asiye na mashine. Kijana wa Chuo Kikuu cha Dodoma aliyeitikia wito wa mgeni rasmi atapata kazi yake ya kwanza ya nje, ataganda kwenye kikao cha kwanza, na huko waliko hawatauliza kijiko kilikuwa cha nani. Watatafuta mtu wa Lusaka.

Kwa hiyo, kwa wahusika, kama wanasoma: siku isiyo na huduma itolewe kwenye bili yenyewe bila mimi kusikiliza muziki wa simu. Bando lililonunuliwa kwa sababu faiba imekatika, lirudishwe na aliyekata. Kila kijiko kinachoingia mtaani kiandikwe ubavuni, kwa rangi nyeupe na herufi zinazosomeka kutoka ng'ambo ya barabara, jina la aliyekituma na namba ya simu ambayo mtu mwenye pumzi anaipokea. Na ile mashine ya kuungia faiba, inunuliwe ya pili ikae Dodoma. Wakikosa pa kuiweka, kabati langu la vyombo lina nafasi na linafungwa kwa kitasa. Fundi apige hodi tu, hata usiku.

Msomaji wenu,
Nzuguni, Dodoma