Somo, kikao kimevunjika kwa ajili ya uso

Somo,

Salamu kwanza. Sisi wazima, isipokuwa Mama Mkubwa na lile goti lake. Wewe ulinyamaza, nami nikanyamaza, basi tumelipana, wa kumlaumu mwenzake hayupo. Leo nimevunja kimya kwa sababu nina shida, na shida yenyewe inautaka mkono wako wa kulia, ule unaoshika brashi.

Ile picha kubwa ya nyuma ya madhabahu unaikumbuka? Yesu wa nywele za kahawia zilizochanwa zikalala mabegani, macho ya samawati, shavu kama la mtoto aliyetoka kuoga. Paa lilivuja, maji yakateremka ukutani, na sasa shavu la kushoto limeingia doa la rangi ya udongo, linashuka mpaka kwenye ndevu. Katibu alipoliona akasema, "Haya, mvua imeshakata shauri." Nilicheka peke yangu, na nadhani ndiyo sababu nikatiwa kwenye kamati.

Kamati imeamua picha mpya ichorwe ukutani moja kwa moja. Mpaka hapo tulikuwa kitu kimoja. Kisha kijana mmoja wa kwaya akauliza, "Atakuwa na rangi gani?" na kikao kikaishia hapo. Vijana wanamtaka Yesu mweusi. Wazee wanasema wanamtaka "Yesu mwenyewe". Mzee wa Kengele akasimama, nawe unamjua akisimama, akasema amesali mbele ya uso ule tangu utoto, mkewe ameagwa mbele ya uso ule, naye hataki kuja kuagwa mbele ya mgeni. Mtu kama huyo utamjibu nini? Hakuna aliyemjibu. Lakini tangu hapo sina raha. Nasoma kila ninachokipata, na kila ninachosoma kinazidi kunivuruga.

Maana huyo "Yesu mwenyewe" ni yupi? Injili zote nne hazisemi alikuwa mrefu au mfupi, mweupe au mweusi. Mwanamke wa Samaria alimtambua kisimani kuwa ni Myahudi, basi. Yuda naye ilimbidi ampe busu ili wale wenye marungu wajue wa kumkamata ni nani. Sasa kama alikuwa na macho ya samawati peke yake katikati ya Wagalilaya, busu la nini? Si wangeambiwa tu, "Yule pale"?

Na picha za zamani kabisa hazifanani na yetu hata kidogo. Kule Dura-Europos, Syria, kwenye nyumba waliyokuwa wakisalia Wakristo kabla mji haujaanguka mwaka 256, wamemchora ukutani akimponya aliyepooza: kijana, nywele fupi, hana ndevu. Kwenye makatakombe ya Roma, yale makaburi ya chini ya ardhi, ni hivyo hivyo, kijana asiye na ndevu na kondoo mabegani. Ndevu na nywele ndefu zilishika baadaye. Katika ikoni, yaani picha takatifu ya ubaoni, ya karne ya 6 iliyoko kwenye monasteri ya Mtakatifu Katerina, Sinai, tayari anazo. Huyu wetu wa shavu laini ni wa juzi. Ukoo wake ni ule wa picha ya Warner Sallman, mchoraji wa matangazo wa Chicago, ya mwaka 1940. Nakala zake ndogo waligawiwa askari wa Marekani wakaenda nazo vitani mfukoni, na inasemekana jumla ya nakala imepita milioni 500. Ukimwona mtu mahali pote tangu utoto, utaapa kwamba unamjua.

Ngoja nikupe kisa kilichonimaliza. Einsiedeln, Uswisi, wana sanamu ya Bikira Maria mweusi, watu huenda kuhiji kwake. Mwishoni mwa karne ya 18 majeshi ya Ufaransa yalipoingia, ile sanamu ikakimbizwa na kufichwa. Fundi aliyepewa kuitengeneza akaisafisha, akakuta chini ya masizi ya mishumaa na taa uso ulikuwa na rangi ya ngozi ya watu wa kwao. Unadhani walishangilia? Wapi! Bikira yao wanayemjua ni mweusi. Fundi ikambidi achukue rangi nyeusi ampake upya, na hadi leo ni mweusi. Somo, Waswisi hao! Nimewaza sana juu ya Mzee wa Kengele baada ya kusoma hilo. Wale walidai weusi, huyu anadai weupe, na moyo ni ule ule mmoja. Hata mmoja wao hakuwa akitetea fundisho la dini. Walikuwa wanautetea uso waliolia mbele yake.

Kwa hiyo simchukii mzee. Lakini pia siwezi kuwaambia vijana wanyamaze. Wao si wa kwanza, Elimo Njau alishachora Murang'a, Kenya, katika miaka ya 1950, Kristo Mwafrika kuanzia kuzaliwa mpaka msalabani, na kanisa halikuanguka. Waethiopia ndio hawakungoja ruhusa ya mtu. Kwa karne nyingi watakatifu wao wana ngozi ya kahawia na macho makubwa yanayokutazama usipate pa kujificha. Halafu wana desturi moja inayonifurahisha: mtu mwema huchorwa uso mzima, macho mawili, na waovu huchorwa upande, jicho moja. Katibu ameniuliza yeye angechorwaje. Nimempa jicho moja na nusu.

Ila kuna picha moja imeninyima usingizi. Mwaka 1962, Cape Town, kijana aitwaye Ronald Harrison alichora Kristo msalabani akampa uso wa Albert Luthuli, kiongozi mweusi aliyepinga ubaguzi wa rangi kule Afrika Kusini, yule mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani ya 1960. Askari wawili wa Kirumi akawapa sura za Verwoerd na Vorster, wakubwa wa serikali ya ubaguzi. Ikatundikwa kanisani, kanisa la Mtakatifu Luka, Salt River. Serikali ikaipiga marufuku, yeye akakamatwa na kuteswa, na picha ikatoroshwa hadi Uingereza. Ilirudi mwaka 1997. Nimejiuliza, wale wakubwa waliogopa nini hasa? Yesu wa Kizungu ametundikwa kila mahali na hakuna aliyekamatwa kwa ajili yake. Basi rangi si jambo dogo kama Mama Mkubwa anavyosema. Yeye anasema, "Chora msalaba mtupu, mwende nyumbani." Ana lake pia, ila...

Sasa nikupe kinachonikwama kooni, na kwenye kikao sijakisema. Tunabishana mweupe au mweusi, na Myahudi ametutoka mikononi. Pale kikaoni hakuna aliyemtaja! Na ukimtoa Myahudi ndani ya Yesu, historia imeshaonyesha mtu anafika wapi. Mwaka 1939, Eisenach, Ujerumani, wanateolojia wa Kiprotestanti walifungua taasisi nzima ya kufuta kila chenye asili ya Kiyahudi katika Biblia na nyimbo za kanisa, wakifundisha kwamba Yesu hakuwa Myahudi. Mwaka mmoja kabla yake, 1938, Marc Chagall, Myahudi mwenyewe, alikuwa amemchora msalabani akiwa amefungwa kiunoni shali ya sala ya Kiyahudi, huku sinagogi linaungua na watu wanakimbia na mizigo. Nimeitazama ile shali muda mrefu, mistari yake myeusi. Kipande cha nguo tu, lakini huwezi tena kujifanya hujui huyu ni mtoto wa nani.

Kwa hiyo wazo langu, nawe ulichekee kwanza kabla ya kulikataa: tumchore Mgalilaya. Ngozi ya mtu wa jua la kule, nywele nyeusi fupi, na kwenye ncha za vazi vile vishada vilivyoamriwa katika Hesabu 15, vyenye uzi wa samawi. Yule mwanamke aliyetokwa na damu aliligusa pindo hilo hilo. Mwanamke mwenyewe na umati wote unaomsonga wawe na sura zetu sisi, Mzee wa Kengele akiwemo, na mkewe, ukiweza. Vijana watasema nimewakwepa. Labda wana haki. Mtoto akiinua macho atamwona mwenye nguvu bado hafanani naye, na anayefanana naye ndiye mgonjwa. Hapo ndipo ninapokwama kila usiku. Halafu nakumbuka Luthuli, nasema basi, aende awe mweusi moja kwa moja, na vishada vyake mwilini. Mweusi mwenye vishada! Hiyo nayo wataielewa?

Wewe ungefanyaje? Umewahi kumchora mtu ambaye hakuna anayejua sura yake, na ulianzia wapi, machoni au mikononi? Unaweza kunichorea michoro miwili ya penseli, Mgalilaya mmoja na mweusi mmoja, wote na vishada, niitie mezani kabla hawajapiga kura? Ile ya zamani tufanye nini nayo, mzee akisema anaitaka nyumbani kwake apewe na doa lake? Na ukuta uliolowa hivi unasubiriwa ukauke muda gani kabla ya rangi kushika? Mdogo wako naye alishafunga ndoa au bado anatafuta pete?

Nijibu upesi, katibu ananihimiza.

Ni mimi, somo wako.