Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo: Tuambieni udongo wetu ni wa aina gani

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka milima ya Usambara Mashariki, wilayani Muheza. Mwaka jana wataalamu walichimba shimo shambani kwa mama yangu, wakapima, wakaondoka. Baadaye tukapata karatasi yenye neno geni: Akrisoli. Afisa aliyetukabidhi hakujua maana yake. Akatushauri tutie mbolea ya SA (salfeti ya amonia), kama anavyowashauri wote.

Shimo lile sijalisahau. Juu, kiasi cha shibiri moja, udongo mweusi tifutifu unaonukia majani yaliyooza, mizizi imesukana humo kama ukili. Chini yake rangi inageuka wekundu wa manjano, mfinyanzi unazidi, na mizizi ni ya kuhesabu. Wazee wetu waliuona ule weusi, wakapunguza miti, wakapanda iliki. Ilistawi miaka michache, kisha ikadumaa, wakaishia kwenye mihogo.

Nimejisomea mwenyewe. Akrisoli ni udongo wa kale uliooshwa na mvua enzi na enzi: una tindikali, mfinyanzi wake umezama chini, na akiba yake ya madini ni ndogo. Rutuba karibu yote imo kwenye shibiri ile ya juu, nayo hutokana na majani yanayoanguka. Kilimanjaro ni tofauti. Udongo wa kule umetokana na volkano, kuna aina ziitwazo Andosoli na Nitisoli, na hata msitu ukiondoka chini kunabaki akiba. Lakini ukisimama msituni ukatazama weusi wa juu tu, utadhani ni udongo mmoja.

Na SA huongeza tindikali! Sisi tulihitaji chokaa ya kupunguza tindikali, na miti ya kivuli ya kuangusha majani.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba ramani ya udongo wa Afrika Mashariki ya mwaka 1936 ilitayarishwa hapa hapa milimani kwetu, kwenye kituo cha utafiti cha Amani, na mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne na wenzake. Na leo kituo cha utafiti wa udongo cha Mlingano kiko wilaya hii hii. Elimu ipo jirani, Mheshimiwa, ishushwe vijijini. Kila kijiji kiwe na shimo moja la kufundishia, aina za udongo zielezwe kwa Kiswahili chepesi, na afisa ugani apime tindikali kabla ya kutaja mbolea.

Mvua za vuli zinakaribia. Mfuko wa SA uko stoo kwa mama, haujafunguliwa. Nimemwomba asubiri jibu lako.

Mkulima, Usambara Mashariki