Kumhamisha mzazi mstaafu: futi ya kupimia kwanza, maboksi baadaye

Wateja wengi hutupigia wakiulizia maboksi na lori. Vyote tunavyo, ila sisi huuliza kwanza chumba anachohamia mzee kina upana gani, na mara nyingi jibu halipo. Hapo ndipo uhamisho mwingi unapoharibikia. Ukianza kuchambua vitu ndani ya nyumba ya zamani, kila kitu kitaonekana cha lazima, kwa sababu humo kila kitu kina mahali pake.

Kwa hiyo anzia nyumba mpya. Pima urefu na upana wa kila chumba, uwazi wa kila mlango, kimo cha madirisha kutoka sakafuni, soketi zilipo, na mlango unafungukia upande gani. Chora ramani kwenye karatasi ya miraba, sentimita 1 ikiwakilisha sentimita 25 za sakafu. Chumba cha mita 3 kwa 4 kitakuwa na sentimita 12 kwa 16. Halafu kata vipande vya karatasi kwa kipimo hichohicho, yaani kitanda, kabati, meza na kile kiti ambacho hakikaliwi na mwingine. Mpe mzazi avipange mwenyewe. Upande anaoshukia kitandani abakize sentimita 90, ili mwenye fimbo au fremu ya kutembelea apate pa kugeukia. Kama kiti cha magurudumu kinatumika, au kinaweza kuja kutumika, mlango uwe na uwazi usiopungua sentimita 80. Kabati la milango minne likikosa nafasi kwenye karatasi, mjadala umekwisha, na hakuna mtoto atakayelaumiwa kwamba ndiye aliyelikataa. Pima pia ngazi na kona zake. Kuna makabati yaliyoundiwa humohumo chumbani, na hayatoki bila kufunguliwa vipande.

Kupunguza vitu kunataka wiki 8 hadi 12, kwa vipindi vya saa 2, ikiwezekana asubuhi. Kuamua kunachosha kuliko kubeba. Mtu aliyechoka ama hukataa kuachia chochote, ama huachia kila kitu halafu ajute usiku. Anzeni na stoo, bafu na vyombo vilivyojirudia. Picha na barua ziwe za mwisho kabisa. Mkifungua albamu siku ya kwanza, jioni itawakuta ukurasa wa nne.

Namna ya kuuliza nayo ina uzito. "Mama, hii bado unaitaka?" hujibiwa ndiyo karibu kila mara. Panga sufuria zote saba mezani, kisha uliza, "Mama, zipi tatu ndizo unazopikia?" Atazichagua haraka, maana sasa anachagua za kubaki nazo, hajaambiwa atupe kitu.

Tunatumia stika za rangi nne: kijani kinahama, buluu kinakwenda kwa mtoto au jamaa, njano kinauzwa au kugawiwa, nyekundu kinatupwa. Ruhusuni boksi moja tu la vitu ambavyo hajaviamulia, lifungwe na kuandikwa tarehe. Stika ya buluu ndiyo yenye usumbufu zaidi, kwa kuwa kila mtu anakitaka kile kiti cha bibi lakini hakuna anayekuja kukichukua. Wekeni siku ya mwisho ya kuchukua. Na tuseme ukweli, sehemu kubwa ya stoo ya wazazi huwa ni mali ya watoto wenyewe, madaftari ya shule yakiwemo.

Kabla kitu chochote hakijatolewa nje, pekueni mifuko ya makoti, kurasa za vitabu, bahasha kuukuu na chini ya droo. Wazee huweka fedha na hati mahali ambapo mwizi hawezi kufikiria, na wapagazi pia hawafikirii.

Hati ya nyumba, vitambulisho, karatasi za pensheni, bima, kadi za benki na kumbukumbu za matibabu zisipande lori. Zikae kwenye mkoba mmoja mikononi mwa mtu mmoja, pamoja na dawa za wiki 2. Insulini ambayo haijafunguliwa inahitaji nyuzijoto 2 hadi 8, lakini isigusane na barafu, kwani ikiganda haifai tena. Laini ya simu ya zamani msiizime, hata kama mmemnunulia mpya: huko ndiko benki na pensheni hutuma namba za uthibitisho.

Katika kufungasha, vitabu viingie maboksi madogo, na boksi lisizidi kilo 15. Sahani zisimamishwe wima. Zikilazwa, ya chini hubeba uzito wa zote kila lori linaporuka shimo. Andika ubavuni mwa boksi, kwa sababu juu kutafunikwa na boksi jingine. Friji izimwe saa 24 kabla, barafu iyeyuke, ikaushwe, isafiri imesimama. Ikilazimika kulazwa, oili ya kompresa huingia kwenye mabomba, kwa hiyo isimamishwe saa kadhaa, au siku nzima kama ililala safari ndefu, kabla ya kuwashwa. Mashine ya kufulia yenye mlango wa mbele ina boliti zake za safari zinazoshika pipa la ndani. Bila hizo pipa hupigapiga hadi springi kukatika. Mtungi wa gesi hausafiri ndani ya lori lililofunikwa.

Kitanda kipakiwe mwisho ili kishuke kwanza. Kabla ya kukifungua, piga picha ya kitanda na kimeza cha pembeni: miwani iko wapi, redio wapi, maji wapi. Mpangilio huohuo urudiwe nyumba mpya kabla mzazi hajaingia, na kitanda kikae hivi kwamba anashukia upande aliouzoea. Saa nane za usiku mwili hufuata mazoea, na mazoea yakimpeleka ukutani ataanguka. Wekeni taa ndogo kutoka kitandani hadi chooni, na vizulia vinavyoteleza viachwe. Bafuni, bomba la kutundikia taulo si la kujishikilia, litang'oka na vigae vyake. Kishikio halisi hufungwa kwa skrubu kwenye ukuta imara.

Nyumba ya zamani isiuzwe wala kupangishwa haraka, kama hali inaruhusu. Mpeni mzazi miezi miwili au mitatu ya kuishi nyumba mpya kwanza, hasa kwa sababu maneno "karibu na watoto" hudanganya. Kuwa nyumba ya tatu kutoka kwa mtoto ambaye harudi hadi saa moja jioni si ukaribu sana. Hesabuni mambo ambayo mzee anaweza kuyafikia kwa miguu ndani ya dakika 10 bila kumpigia mtu simu: duka, zahanati, mahali pa ibada, mtu wa kupiga naye soga.

Ili tukupe bei, tunahitaji ile ramani ya vyumba, picha za vyumba vyote vya nyumba ya zamani milango ya makabati ikiwa wazi, idadi ya ngazi pande zote mbili, na umbali kutoka lori linapoegeshwa hadi mlangoni. Hicho cha mwisho wengi hukisahau, nacho kinaweza kuongeza nusu siku ya kazi.