Safari ya magari hadi Moroko: tuamue vivuko

Habari zenu wapendwa. Nimekaa na ramani jana usiku, na kubwa la kuamua ni bahari ya kwanza. Tukivuka kutoka Dover, Uingereza, hadi Calais, Ufaransa, ni kama saa moja na nusu tu majini, ila baada ya hapo Ufaransa yote inatusubiri barabarani, tena tukiendesha upande wa kulia. Portsmouth, Uingereza pia, hadi Santander ni zaidi ya siku nzima melini, lakini tunashukia Hispania madereva wakiwa wamelala. Mimi naipendelea hii ya pili. Uchovu wa dereva unanitisha kuliko nauli.

Kivuko cha pili, Algeciras kusini mwa Hispania hadi bandari ya Tanger Med ya Moroko, hakina mjadala, ni safari fupi.

Sasa nyaraka, na hapa nawaomba sana. Kadi ya gari isomeke jina la anayeendesha. Kama gari si lako, beba barua ya idhini ya mwenyewe. Piga simu kwa kampuni yako ya bima uulize wazi: Moroko imo? Nyingi huishia Ulaya. Droni ziacheni nyumbani, forodha ya Moroko huzikamata.

Ndani ya feri: breki ya mkono, valvu ya mtungi wa gesi ifungwe, na dawa, maji na sweta uzipandishe nazo juu. Ukishafunga gari hurudi kule chini mpaka mtakapofika.

Nijibuni Dover au Portsmouth kufikia Ijumaa, nikate tiketi kwa pamoja. Andikeni na urefu na kimo cha gari, pamoja na mizigo ya juu.