Zaituni, subiri kwanza

Jinja, Jumapili jioni

Mwanangu Zaituni,

Ujumbe wako wa sauti tumeusikia, mimi na baba yako. Kuongoza wageni wa kutazama ndege msituni Kibale peke yako! Mama wa dukani ameshaambiwa, kwa hiyo mtaa mzima unajua. Lakini ile "mama, akilia tu nimeshamjua" imeninyima usingizi.

Mlio wa mapigo matatu yanayoshuka ni wa ndege kekeo kifua-chekundu, sawa. Mvua zikikaribia anatupigia kelele hapa kutwa na haonekani. Ila kurumbiza, yule ndege mwimbaji mwenye utosi mweupe, anamwiga barabara. Kekeo hutaga kwenye viota vya hao hao kina kurumbiza, wakamlelea watoto, kwa hiyo sijui nani anamcheka nani. Basi subiri. Kekeo atarudia yaleyale mpaka akuchoshe. Kurumbiza hana uvumilivu huo. Muda si muda utamsikia amerukia mlio wa ndege mwingine, kisha wa mwingine tena. Hiyo rekodi uliyotutumia, isikilize mpaka mwisho, halafu uniambie kama bado ni kekeo.

Mgeni akishaandika jina kwenye daftari lake, utamwambia afute? Unajibu kabla swali halijaisha, walimu wako wote waliniambia. Baba yako anasema mdomo huohuo ndio uliokupatia kazi, nikuache. Sikuachi.

Na usimchezee ndege sauti yake kwenye spika ya simu ili ajitokeze. Dume atadhani kavamiwa, aache kula, aje kugombana na hewa. Programu ya simu ya kutambua milio ya ndege ikikutajia jina, nayo isubirie vilevile; hata yenyewe haijamwona. Sema tu, "Ngoja tumsikie tena." Bakshishi hutanyimwa kwa hilo.

Bibi goti linamsumbua, anakusalimu. Upepo umeng'oa mabati mawili ya banda la kuku, na mdogo wako anadai viatu vya shule, vile vya Januari eti vinambana. Ukipata cha kutuma, tuma kwa namba ya baba yako, laini yangu imefungwa. Sweta lako la kijani nampa dereva wa basi la Fort Portal Jumanne. Huko asubuhi ni baridi na wewe unatoka alfajiri. Nenda stendi mwenyewe ukalichukue, usitume mtu.

Mama yako