Mwanangu, kabla hujamchukua huyo Schipperke

Mwanangu mpendwa,

Umeniambia unamtaka mtoto wa mbwa wa aina ya Schipperke kwa sababu ni mdogo na hatakusumbua. Mdogo ni kweli, mzima hazidi sana kilo 9. Ila huyu ni mlinzi toka asili. Kwao ni Ubelgiji, ambako alikaa kwenye mashua za mizigo zilizopita mifereji, akilinda shehena na kuua panya. Mwaka 1885 Malkia Marie Henriette alijipatia mmoja, na hapo wakubwa nao wakaanza kuwafuga.

Kwa hiyo atabweka, tena sana. Utamwona masikio yamesimama wima, manyoya ya shingoni yametutumka, kisha ndiyo sauti. Tafadhali usimpige wala usimfokee. Ukipaza sauti atadhani nawe umeona hatari, azidi. Nenda pale alipo, uangalie anachokiangalia, halafu mwambie "basi" kwa sauti ya kawaida. Akinyamaza, mpe kipande cha nyama papo hapo. Ukichelewa hataelewa anatuzwa kwa lipi. Fanya hivyo kila mara, na kila aliye nyumbani atumie neno hilohilo. Mbwa wa namna hii akishajua kwamba taarifa yake imepokelewa, hutulia.

Njiani usimfungue kamba hata akikuzoea vipi. Akiona kitu kinakimbia, masikio hayasikii tena. Uzio nao ukague chini na juu, maana huchimba na hupanda.

Manyoya yake ni ya tabaka mbili. Brashi mara moja kwa wiki yatosha, isipokuwa yanapopukutika, hapo ni kila siku. Usimnyoe. Na kama amezaliwa na mkia, mwache nao. Kumkata ni kumtesa bure.

Hunenepa upesi, na uzito huo huyaumiza magoti yake. Mpapase mbavu: uzihisi kwa vidole bila kubonyeza.

Sasa lile ambalo sitaki ulipuuze hata kidogo. Aina hii ina ugonjwa wa kurithi uitwao MPS IIIB. Mbwa huonekana mzima kabisa, kisha akiwa na miaka 2 hadi 4 anaanza kutetemeka na kuyumba anapotembea, na tiba hakuna. Mtoto huugua pale tu anapoirithi kasoro hiyo kwa baba na kwa mama, na kipimo chake kipo. Usitoe pesa kabla hujaona majibu ya wazazi wote wawili kwa maandishi. Muuzaji akianza kuzungukazunguka, ondoka, hata kama mtoto ameshalala mapajani mwako. Najua moyo wako ulivyo, ndiyo maana nakuandikia mapema.

Akiwa na afya anaweza kuishi nawe zaidi ya miaka 12. Mtafutie daktari wa mifugo na uulizie ratiba ya chanjo kabla hajafika nyumbani. Majibu ya vipimo ukiyapata nitumie, tuyasome pamoja.

Mama yako