Kabla hujanunua dawa ya nyuki, hesabu miguu

Msimu wa kurina asali ukianza, simu ya duka letu hujaa picha za aina moja: nyuki na kidude chekundu kimemganda mwilini. Chini ya picha pameandikwa, "Mna dawa ya kupe wa nyuki?" Nasi huuliza kwanza: kina miguu mingapi?

Ikiwa sita, huyo ni chawa wa nyuki. Kwa kweli ni nzi asiye na mabawa, mwenye vinyweleo mwili mzima, mrefu kuliko upana wake. Hukaa kifuani au karibu na kichwa. Ukiwa na kioo cha kukuzia utamwona nyuki anapolishwa: chawa anashuka mpaka mdomoni, anadokoa chakula, anarudi juu. Hanyonyi nyuki. Malkia hulishwa kuliko wote, basi ukimkuta na chawa wawili watatu usishtuke. Anayepata hasara hasa ni muuza asali ya masega, kwa sababu mabuu ya chawa huchimba vijia kwenye vifuniko vya nta na sega likachakaa machoni pa mnunuzi.

Ikiwa minane, ni utitiri wa varoa. Huyu ni bapa, wa kahawia, na kama kaa, upana umezidi urefu: milimita 1.6 kwa 1.1 hivi. Mara nyingi hujibana chini ya tumbo la nyuki, ndiyo maana wengi hawamwoni. Hula mafuta ya mwili wa nyuki, husambaza virusi, na huzaliana ndani ya vyumba vya majana (watoto wa nyuki) vilivyofunikwa, hasa vya madume. Nyuki wachanga wenye mabawa yaliyokunjamana wakitambaa mbele ya mzinga, mshuku yeye.

Varoa ametoka Asia, na alithibitika kuwepo Kenya na Tanzania mwaka 2009. Nyuki wetu wanamhimili kuliko nyuki wa Ulaya: wanajisafisha sana, na wanagawanyika na kuhama mara kwa mara, jambo linalokatiza uzazi wake. Kwa hiyo kumwona mmoja si sababu ya kupulizia. Tafadhali sana, dawa ya kuogeshea ng'ombe isiingie kwenye mzinga. Inaweza kuua nyuki, na sumu nyingi za namna hiyo hubaki kwenye nta. Asali hiyo utamuuzia nani?

Pima kwanza. Jioni, kung'utia nusu kikombe cha nyuki kutoka sega la majana (kama nyuki 300, na hakikisha malkia hayumo) kwenye chupa yenye mfuniko wa wavu. Tia vijiko viwili vya sukari ya unga, viringisha, subiri dakika mbili, kisha kung'utia sukari kwenye sahani nyeupe yenye maji. Sukari itayeyuka, utitiri utaonekana. Nyuki warudishe mzingani.

Ukibaki na shaka, weka vidudu kwenye kichupa chenye spiriti, andika tarehe na namba ya mzinga, utuletee. Kuangalia hatutozi.